Chebloch: Historia ya Mbizi Chini ya Daraja la Kerio

Msafiri anayetoka Eldoret kwenda Kabarnet hupanda kwanza. Jiji lenyewe liko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iten, mwendo wa kilomita 35, iko juu zaidi, karibu mita 2,400. Baada ya Iten ardhi inakatika. Barabara inaanza kuteremka kwa kona kali kupitia Tambach, baridi inabaki nyuma, masikio yanaziba, na gari likifika sakafuni mwa Bonde la Kerio limeshuka zaidi ya mita 1,000. Huku chini ni migunga, vumbi jekundu, miembe, na watu waliopanga chupa za asali kando ya njia. Kisha lami inavuka daraja fupi. Chini yake Mto Kerio, ambao kwingine hutambaa bondeni kwa raha zake, umebanwa kati ya kuta mbili za mwamba. Mahali hapo panaitwa Chebloch, ingawa wengine huandika Cheploch.

Gari likiegeshwa, vijana hujitokeza. Mmoja anavua shati, anasogea ukingoni mwa genge, anatazama chini kitambo, kisha anachupa. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Yanamfunika na kumficha kabisa. Abiria wameegemea ukingo wa daraja, simu mkononi, wengine wanahesabu sekunde kwa sauti. Kichwa kinatokea mbele kidogo kuliko alipozama, kijana anaparamia mwamba kwa vidole vya mikono na miguu, anapanda hadi barabarani akitiririka maji, anapokea alichopewa. Kazi hiyo imefanywa hapo kwa miongo kadhaa na vijana wa Kikeiyo na wa Kitugen, katika mto ambao kila mtu bondeni anajua una mamba.

Watu wa Eldoret wanaijua Chebloch kwa picha za kuchupa kwenyewe. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii hutangulia mruko, na ndiyo isiyolipwa wala kupigwa picha: kuujua mto wa leo, kwa sababu si ule wa jana. Maarifa hayo ni ya zamani kuliko daraja, na historia ya Chebloch ni historia ya namna yalivyogeuka kutoka kinga ya mchungaji na msafiri hadi kuwa ajira ya barabarani.

Kabla ya lami kulikuwa na vivuko. Kerio huanzia kusini, karibu na mstari wa Ikweta, ukaenda kaskazini takriban kilomita 350 hadi Ziwa Turkana, na njiani umeitenga milima ya Tugen na ukingo wa Elgeyo. Anayetoka Baringo kwenda nyanda za Uasin Gishu hana budi kuuvuka. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka Pangani na Mombasa, iliyofuata pembe za ndovu, ilikuwa na kituo kikubwa Njemps, karibu na Ziwa Baringo. Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, alipita humo mwishoni mwa 1883 akielekea Ziwa Victoria, na safari yake iliungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezifahamu njia hizo kuliko yeye. Walipanda milima ya Tugen, ambayo ramani za wakati ule ziliiita Kamasia, wakashuka bondeni, wakavuka mto, wakaukwea ukingo wa Elgeyo. Mpagazi mwenye mzigo kichwani hakuwa na anasa ya kukosea kina. Aliyejua wapi pana mchanga na wapi pana shimo alikuwa mwenyeji, naye ndiye aliyetangulia.

Wenyeji hao hawakuwa wakikaa mtoni. Wakeiyo walijenga kwenye rafu za miamba katikati ya ukingo, juu kidogo ya joto na mbu wa bonde, mahali ambapo mvamizi angeonekana mapema. Mwaka 1927 J. A. Massam, aliyekuwa ofisa wa utawala wa kikoloni, alichapisha kitabu juu yao, The Cliff Dwellers of Kenya, na jina hilo tu latosha kuonyesha kilichomshangaza: watu walioyafanya magenge kuwa mtaa. Walilima na kulisha mifugo kwa kupanda na kushuka. Juu ni Mosop, nchi ya baridi na misitu. Chini ni Soi, nchi ya joto. Ardhi iligawanywa kwa mikanda iliyotoka kileleni ikashuka hadi ukingo wa Kerio, ili kila kundi lipate msitu, malisho, shamba na maji. Kaskazini zaidi, jirani zao Wamarakwet walichonga mifereji kwenye kuta hizo hizo muda mrefu kabla ya ukoloni, wakaleta maji ya mito ya juu hadi mashamba ya bondeni, kila ukoo na zamu yake. Mifereji hiyo ingali inafanya kazi.

Hiyo mikanda ina maana kubwa kwa jambo la leo. Katika utaratibu wa namna hiyo mto haukuwa uwanja wa kila mpita njia. Mahali pa kunywesha ng'ombe palikuwa na wenyewe. Mgeni aliyefika pale aliingia kwenye ardhi ya watu wenye majina, na kupitia kwao alijua wapi panaingilika na wapi hapaingiliki. Ruhusa na usalama zilitoka kinywani mwa mtu mmoja.

Ukoloni uliivuruga mipaka ya juu kuliko ya chini. Mwaka 1908 makaburu kutoka Afrika Kusini waliingia Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Mwaka 1910 ilifunguliwa posta kwenye Shamba Namba 64, na mwaka 1912 mji huo mchanga ukapewa jina la Eldoret. Misitu ya Elgeyo iliingizwa katika milki ya mbao ya mlowezi Ewart Grogan. Wakeiyo walipoteza malisho ya juu, na uzito wa maisha ukaelemea ukingoni na bondeni. Tambach ikawa makao ya wilaya. Ng'ambo ya mto, Kabarnet ikawa makao ya Baringo. Kati ya ofisi hizo mbili kulikuwa na bonde zima la kushuka na kupanda, na katikati yake mto wa kuvuka.

Miongoni mwa waliofahamu pande zote mbili ni Daniel arap Moi, mtoto wa Sacho, Baringo, aliyesomea ualimu Tambach katika miaka ya 1940 na baadaye akafundisha hapo. Aliposhika urais mwaka 1978, Kerio haikubaki pembezoni. Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979, makao yake yakawa Eldoret, na jengo lake likawa miongoni mwa marefu zaidi mjini. Njia ya Iten hadi Kabarnet ilipopata lami, safari iliyomeza siku nzima ikawa ya asubuhi moja. Magari yakaanza kusimama Chebloch kupoza injini na kutazama korongo, na hadhira ikawa imepatikana.

Watoto wa bondeni walikuwa wakiogelea mtoni tangu zamani, kama ilivyo kwa wachungaji wa mito yote. Daraja liliwaongezea watazamaji wenye sarafu mfukoni.

Kazi ya namna hii haikuzaliwa Kenya peke yake. Mjini Mostar, katika nchi ya Bosnia, kuna daraja la mawe lililokamilishwa mwaka 1566 enzi za Waturuki wa Usmani, likipita mita 24 hivi juu ya Mto Neretva. Mwaka 1664 msafiri Evliya Çelebi alipita hapo akaandika kwamba vijana wa mji walijirusha kutoka juu mbele ya wakuu, nao wakuu wakawatuza. Daraja hilo lilibomolewa kwa mizinga Novemba 1993, likajengwa upya mwaka 2004, na kuruka kukaendelea. Wapiga mbizi wa Mostar wana chama chao. Mgeni anayetaka kuruka haendi tu juu ya daraja. Hupelekwa kwanza kwenye jukwaa fupi kando ya mto, akafundishwa, na asiyeonyesha kwamba ameelewa huambiwa abaki mtazamaji. Huko Acapulco, Mexico, vijana wa La Quebrada wanaruka tangu miaka ya 1930 kutoka genge la takriban mita 35 hadi mlangoni mwa bahari, na kila mmoja hungoja wimbi liingie ndipo aachie mwamba, kwa kuwa wimbi likitoka kina nacho kinatoka.

Jambo hilo hilo linajulikana vizuri Unguja. Jioni pale Forodhani, Mji Mkongwe, vijana hupiga makachu kutoka ukuta wa bahari, wakipinduka hewani kwa mitindo ambayo wageni huipiga picha mpaka jua linatua. Mtu akitazama siku moja tu atadhani ukuta ule ni wa kurukia wakati wowote. Kumbe tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kisiwani hapo hufika mita nne hivi wakati wa bamvua. Mahali palipommeza mtu mzima saa kumi jioni panaweza kuwa mawe na mchanga saa sita baadaye. Mpiga makachu anaishi kwa kalenda ya mwezi, hata kama hajaiandika popote.

Uganda kulikuwa na kazi iliyo karibu zaidi na Chebloch kwa hatari yake. Kwenye maporomoko ya Bujagali, karibu na Jinja, wanaume walijitosa kwenye Mto Nile wamekumbatia jerikani tupu, wakapita katikati ya povu, wakatokea chini kupokea fedha za watalii. Walijua mkondo upi unatema mtu na upi unamshika. Bwawa la umeme la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012 maporomoko yalikuwa yamekwisha kufunikwa na maji, na kazi ikaisha. Maarifa yale ya mkondo yalipotea pamoja na mkondo wenyewe.

Kerio haina kupwa na kujaa, wala haina wimbi la kuhesabu. Ina majira, na majira yake hayatabiriki kwa kutazama mbingu iliyo juu ya kichwa. Mvua inanyesha Mosop. Maji yanafika Soi. Bonde linaweza kuwa kavu, jua likiwaka, huku vijito vinavyoshuka kutoka ukingo wa Elgeyo na milima ya Tugen vimekwisha kufura. Mvua za masika za Machi hadi Mei ndizo zinazotajwa sana, lakini nyanda za juu za magharibi hupata mvua nyingine nzito Julai na Agosti, wakati ambapo mtu wa Nairobi anadhani ni kiangazi. Mto uliobanwa katika korongo hauna pa kutanukia, basi huinuka. Na ukiinuka hauleti maji matupu. Huleta magogo na matawi ya miiba, na hubingirisha mawe chini kwa chini na kuyaacha mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa shimo safi.

Hapo ndipo rangi ya Kerio inapokuwa hatari kubwa kuliko mamba. Mmomonyoko wa udongo bondeni umeufanya mto uwe wa matope karibu mwaka mzima. Jicho halioni hata urefu wa mkono chini ya uso. Genge lile lile, maji yale yale kwa kutazama, yanaweza kuficha kina cha watu wawili au gogo lililolala futi tatu chini. Hakuna njia ya kuhakikisha ila kushuka kwa miguu, kuingia polepole, kupima kwa mti au kwa mwili, kuogelea eneo lote la kutua na pia eneo la kutokea. Kijana anayeruka hapo kila wiki analijua shimo lake kwa sababu ameligusa mara nyingi. Mgeni anaona mtu ameruka akatoka mzima, anahitimisha kwamba mahali ni salama. Hitimisho hilo limewaua watu duniani kote.

Hesabu zenyewe hazina huruma. Mtu akiruka kutoka mita 5 hugonga maji kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa. Kutoka mita 10, kilomita 50. Mashindano ya kimataifa ya kuruka kutoka mita 27 kwa wanaume, ambayo yaliingia kwenye ubingwa wa dunia wa michezo ya majini huko Barcelona mwaka 2013, humfikisha mrukaji kilomita 83 kwa saa, na kwa sababu hiyo wanamichezo hao, waliozoea mno, hutua kwa miguu na si kwa kichwa. Waokoaji wenye mitungi ya hewa huwa wamekwisha kuingia majini wakimsubiri. Mahali pa kutua pamepimwa. Halafu kijana wa miaka kumi na minane, aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli, anatanguliza kichwa kwenye maji ya matope yasiyopimwa na mtu.

Kugonga chini kwa kichwa huvunja pingili za shingo. Wanaoumia hivyo wengi ni wanaume vijana, na wengi hawafi. Hubaki hawawezi kutembea. Kutoka Chebloch mgonjwa wa namna hiyo apandishwe ukingo kwa zile zile kona za Tambach, alazwe bila shingo kutikiswa, afikishwe Iten, kisha Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret. Hiyo ni zaidi ya saa moja kama gari limepatikana papo hapo. Mara nyingi wenzake humbeba mgongoni kumtoa mtoni kabla ya mtu yeyote kufikiria shingo, na madhara huongezeka hapo hapo.

Mamba nao si hadithi ya kuwatisha watalii. Mto huu unapita kando ya hifadhi ya Rimoi na karibu na Ziwa Kamnarok, hifadhi zilizotangazwa mwaka 1983, na mamba wa Mto Nile wapo katika maji yote hayo. Korongo lenye kuta wima na mkondo wa kasi halimpendezi mamba kama kingo tambarare zenye mchanga wa kuotea jua, na hilo huwasaidia vijana. Lakini mto ni mmoja. Kinachowalinda zaidi ni kuwa hapo kila siku: anayeshinda mtoni asubuhi hadi jioni hujua kilichobadilika ukingoni, nyayo mpya matopeni, mbuzi aliyepotea wakati wa kunywa. Mgeni wa saa moja hana habari hiyo, na haipatikani kwenye simu.

Kenya ina masomo machungu kuhusu makorongo, na lililo wazi kuliko yote linatoka Hell's Gate, Naivasha. Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa ndani ya korongo la Njorowa maji ya ghafla yaliposhuka, saba wakafa. Septemba 2019 mafuriko mengine yakapita kwenye korongo hilo hilo, na tena watu saba wakapoteza maisha, mmoja wao akiwa mwongozaji. Mahali hapo palikuwa hifadhi ya taifa, penye lango, tikiti na walinzi. Baada ya ajali ya pili korongo lilifungwa kwa wageni. Miaka saba ilipita kati ya msiba na msiba, muda wa kutosha kabisa kuweka utaratibu wa onyo, na haukutumika ipasavyo.

Bonde la Kerio nalo limeona maji yakishuka usiku. Aprili 2020 maporomoko ya udongo na mafuriko yaliifagia Chesegon, mpakani mwa Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, mlima uliporomoka Chesongoch, Marakwet Mashariki, ukaua watu wengi wakiwa usingizini. Matukio hayo hayahusiani na kuogelea. Yanahusiana na ukweli ambao kila mwenyeji wa Soi anao akilini anaposikia ngurumo upande wa Mosop, na ambao mgeni aliyeshuka kwa matembezi ya Jumapili hana.

Ipo pia hatari ya karibu zaidi na nyumbani, isiyopigiwa makofi na mtu. Eldoret imejengwa kwa mawe ya nyanda hizi, yale magumu ya kijivu ya volkeno, na pembezoni mwa jiji kuna machimbo yaliyochimbwa yakaachwa. Mvua inayajaza. Kuta zake ni wima, chini kuna mawe yaliyokatwa kwa pembe kali na wakati mwingine vyuma, na maji hukaa baridi na meusi. Kwa mtoto wa mtaa usio na bwawa la umma, hilo ndilo bwawa. Watoto wamekufa humo, mwaka baada ya mwaka. Sheria ya Madini ya 2016 na sheria za mazingira zinamtaka mchimbaji arekebishe ardhi anapomaliza, na machimbo yaliyoachwa wazi katikati ya makazi ni ushahidi kwamba sheria hizo hazifuatwi. Jiji hili, lililopewa hadhi hiyo Agosti 2024, limelea wakimbiaji wanaojulikana dunia nzima. Kuogelea hakujawahi kupewa nafasi kama hiyo, na mtoto asiyefundishwa kuogelea atajifundisha popote atakapopata maji.

Suala la nani anaruhusiwa kufika mtoni halijawa jepesi kwa kuwepo Katiba. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaweka mito na maziwa katika ardhi ya umma. Maji ni ya wote, basi. Lakini kufika majini kunapita kwenye ukingo, shamba, boma la mtu, na katika bonde hili ardhi nyingi ni ya jamii, ambayo tangu 2016 ina sheria yake. Chebloch ina bahati ya kuwa kando ya barabara kuu. Maporomoko na mashimo mengine ya ukingo wa Elgeyo, yale ambayo picha zake husambazwa bila kutajwa njia, yako ndani ya mashamba ya watu. Kuruka ua ili kufikia maji si ujasiri. Ni kumkosea mwenye nyumba, na pia ni kujinyima mtu pekee ambaye angesema kwamba jiwe kubwa lilianguka shimoni mwezi uliopita.

Kuna swali jingine la njia ambalo msafiri wa kaskazini ya bonde hapaswi kulidharau. Wizi wa mifugo wa kutumia silaha umeumiza jamii za huko kwa miaka mingi, na Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita, Baringo na Elgeyo Marakwet zikiwemo, kuwa zenye vurugu na hatari, ikapeleka jeshi kusaidia polisi. Chebloch iko kusini, kwenye barabara yenye magari mchana kutwa. Lakini hali hubadilika, na anayetaka kufuata mto kwenda mbali na lami aulize kwa chifu au kituo cha polisi kabla ya kuteremka.

Katika yote haya vijana wa darajani wana kitu ambacho kaunti hazijakithamini ipasavyo. Wanachukuliwa kama burudani ya njiani, watu wa kutupiwa noti wakati gari linapoondoka. Malipo yenyewe yana kasoro: kadiri anavyoruka kutoka juu zaidi, ndivyo mkono wa mtazamaji unavyofunguka. Hakuna anayemlipa kijana kwa kusema leo mto umekataa. Siku ya maji mabaya ni siku ya njaa, na njaa ni mshauri mbaya ukingoni mwa genge. Watoto wadogo nao wanatazama. Mtoto anayeiona shule kuwa mbali na daraja kuwa karibu atajifunza kuruka kabla ya kujifunza kusubiri, na wazazi wa bondeni wana haki ya kulalamika kila gari linaposimama saa za masomo.

Mostar ilikwishaonyesha njia. Kuwe na chama chenye kauli, umri wa chini usiovunjwa, mafunzo kwa mgeni, na ada inayolipwa hata siku ambayo hakuna anayeruka, kwa sababu kinacholipwa ni ujuzi wa mahali. Chebloch haihitaji hoteli ili kuanza. Inahitaji alama za kina zilizochorwa kwenye mwamba na nguzo za daraja, zinazoonekana kutoka juu; kamba na maboya ya uokoaji; ubao wa kumlaza aliyeumia shingo; vijana waliofundishwa huduma ya kwanza na Shirika la Msalaba Mwekundu; na simu inayopigwa kutoka vituo vya juu ya mto mvua kubwa inaponyesha. Mamlaka ya Bonde la Kerio ipo tayari, na ofisi zake ziko Eldoret.

Daraja liko mpakani: upande mmoja Baringo, upande wa pili Elgeyo Marakwet. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013 mpaka huo umekuwa sababu nyepesi ya kila upande kumtazama mwenzake. Kaunti hizo mbili zikutane zikubaliane nani atachora alama na nani atanunua kamba, maana gharama yake ni ndogo kuliko matibabu ya shingo moja iliyovunjika. Na wewe unayeshuka kutoka Eldoret mwisho wa juma, simamisha gari, wasalimie vijana, waulize mto uko vipi leo. Wakikwambia leo hauingiliki, walipe kwa jibu hilo na uendelee na safari yako.